Tembo wa vita katika Age of Empires II: mwongozo kamili kwa anayecheza Waajemi

Age of Empires II ni gemu ya kompyuta ya kujenga mji, kukuza jeshi na kumpiga mpinzani, na Waajemi ni moja ya mataifa unayoweza kuchagua. Jumamosi moja mchana, kwenye chumba chetu cha kompyuta hapa Isevya, Tabora, nilipeleka tembo 12 kwenye mashamba ya mpinzani wangu. Nilikuwa nimewakusanya kwa muda mrefu. Wanakijiji wake walikuwa wameinama wanalima, nikajua gemu imekwisha. Tembo walipokaribia, wale wanakijiji wakainuka na kuondoka zao. Tembo wangu wakawafuata. Wakazunguka kinu, wakazunguka ghala la mbao, wakapita kando ya msitu, na hakuna mwanakijiji hata mmoja aliyeguswa. Huku nyuma, watawa wake watatu walikuwa wamesimama ng'ambo ya ukuta wanaimba ule wimbo wao unaomgeuza askari wa adui kuwa wao. Tembo mmoja akabadilika rangi kutoka bluu kuwa nyekundu. Kisha wa pili. Walipofika wanne, wakawageukia wenzao.

Niliyekuwa nacheza naye ni kijana wa kidato cha pili. Akavua spika za masikioni, akaniambia kwa upole: "Kaka, tembo hakimbizi mtu."

Nimecheza Waajemi kwa miaka mingi tangu siku hiyo, na kila ninachokiandika hapa kinatoka kwenye sentensi ile. Tembo mpeleke kwa kitu kisichoweza kukimbia, au msimamishe mahali ambapo adui hana budi kumfuata yeye. Nje ya hapo unachoma chakula.

Mjue mnyama mwenyewe

Nazungumzia The Conquerors, toleo la mwaka 2000, kwa sababu ndilo linalokubali kwenye kompyuta zetu za zamani bila kuganda. Katika toleo hilo tembo wa vita ni wa Waajemi peke yao, na hutoka ngomeni tu. Kama unacheza Definitive Edition ya 2019, bei na nguvu za askari zimeguswa mara kadhaa na mataifa mengine nayo yana tembo wa aina zao, hivyo soma takwimu kwenye skrini yako. Namna ya kuwatumia haibadiliki.

Tembo mmoja ni chakula 200 na dhahabu 75. Uhai wake ni 450 na pigo lake 15. Akipandishwa daraja, uhai unafika 600 na pigo 20. Anapopiga, waliosongamana karibu na anayepigwa nao wanaumia, kwa hiyo kundi la askari wa miguu lililobanana ni chakula chake. Majengo anayavunja vizuri sana. Na jambo ambalo wengi hawalitilii maanani: anachukua nafasi moja tu ya idadi ya watu, sawasawa na mwanakijiji au mpiga mishale. Gemu ikifika ukingoni, wote mmejaza idadi na hakuna anayeweza kuongeza mtu, jeshi la tembo 40 ni zito kuliko jeshi lolote la watu 40 utakalokutana nalo.

Sasa mwendo. Tembo anakwenda vigae 0.6 kwa sekunde (kigae ni mraba mmoja wa ramani). Mwanakijiji anakwenda 0.8, askari wa mkuki 1, na farasi mzito 1.35. Karibu kila mtu kwenye ramani anamwacha, isipokuwa magogo ya kugongea kuta. Ndiyo maana wale wakulima hawakuhangaika.

Adui zake wakubwa ni wawili: mikuki mirefu na watawa. Ngamia wanamuumiza, mitambo ya mishale mikubwa inamtoboa, wapiga mishale wa farasi wanamsumbua kwa kupiga na kurudi nyuma. Lakini mikuki na watawa ndio wanaomaliza gemu, na nitarudi kwao kwa urefu.

Ramani inayofaa

Black Forest ni nyumbani kwa tembo. Msitu umeziba kila upande, njia ni chache na nyembamba, na kuta zinatawala. Anayekuja kwako anapita pale pale, na unakokwenda hakuna pa kuzunguka. Ramani yoyote yenye vichochoro au mchezo wa timu ambao unafunikwa na mwenzako mbele ni pazuri pia.

Arabia ni uwanja wazi. Ukifikiria tembo kuanzia dakika ya kwanza pale, utavamiwa na wapiga mishale kabla hujachimba jiwe la kwanza. Cheza Arabia kwa farasi wazito, Waajemi wanao wazuri sana, na tembo uwalete mwishoni tu. Kwenye ramani za visiwa usihangaike nao.

Kuanzia shambani hadi ngomeni

Hapa ndipo wengi wanapoteza. Tembo hashindwi na mkonga wake, lakini mwenye tembo anaweza kushindwa na malisho. Jeshi hili linashinda au kushindwa kwenye mashamba.

Waajemi wanaanza na nyongeza ya chakula 50 na mbao 50, na jumba lao la mji linafanya kazi haraka zaidi: asilimia 10 katika Zama za Ukabaila (ngazi ya pili ya gemu), 15 katika Zama za Ngome (ya tatu), 20 katika Zama za Himaya (ya mwisho). Maana yake ni moja. Jumba la mji lisikae bure hata sekunde moja. Kila unaposikia ukimya kutoka pale, kuna tembo ambaye hatazaliwa. Mimi nafunga jumba la mji kwenye herufi moja ya kibodi, na kidole changu hakiondoki hapo mpaka nifikishe wanakijiji kama 100 katika gemu ya watu 200.

Mwanzo ni wa kawaida. Kondoo kwanza, kisha nguruwe pori wawili uwavute mpaka mlangoni, matunda, huku wengine wakikata miti. Nenda Zama za Ukabaila ukiwa na wanakijiji 25 hadi 28. Gharama ni chakula 500. Usitengeneze jeshi kubwa hapo. Jenga soko na mhunzi ili upate ruhusa ya kupanda zama, ziba mianya kwa uzio wa mbao, kisha panda Zama za Ngome kwa chakula 800 na dhahabu 200. Ukiwa unasubiri kupanda, peleka wanakijiji 6 kwenye mawe.

Hesabu ya mawe ndiyo hii. Unaanza na 200. Ngome ni 650. Jumba la pili la mji ni mbao 275 na mawe 100. Watu wengi hujenga ngome kwanza kwa sababu wana hamu ya kumwona tembo wa kwanza akitoka. Mimi nasema jumba la pili la mji litangulie, tena kwenye mbao nyingi. Tembo mmoja anayetoka mapema bila malisho nyuma yake ni onyesho. Kwa mpango huu unahitaji kuchimba mawe 550 zaidi, na wachimbaji 6 wanakupa hayo katika dakika nne au tano hivi. Usiyachezee kwa kujenga minara.

Baada ya hapo ni mashamba, mashamba, mashamba. Ngome inatoa tembo mmoja kwa kama nusu dakika, na tembo ni chakula 200. Mkulima mmoja, kwa hesabu yangu, analeta chakula kama 20 kwa dakika ukiwa umemtafitia toroli. Kwa hiyo ngome moja isiyosimama inameza kazi ya wakulima 20, na dhahabu yake inataka wachimbaji 6 au 7. Ngome mbili ni wakulima 40. Hapo hujahesabu chakula cha wanakijiji wapya na cha tafiti. Shamba moja ni mbao 60, kwa hiyo wakata miti nao wasipungue 15.

Tafiti za kinu zifanye zote mapema. Shamba la kawaida linatoa chakula 175 kabla ya kuchoka. Utafiti wa kwanza unalifikisha 250, wa pili 375, wa tatu 550. Ukizipuuza, mbao zako zote zitaishia kupanda upya.

Dhahabu ya ramani inaisha, nayo tembo hatoki bila dhahabu. Tuma mtawa mmoja au wawili mapema kukusanya masalia na kuyaweka kwenye monasteri; yanatiririsha dhahabu mpaka mwisho wa gemu. Mkiwa timu, anzeni mikokoteni ya biashara kabla dhahabu haijakauka, si baada.

Mpangilio wa tafiti

Mwaka 1879, Leopold II wa Ubelgiji alishusha tembo wanne wa India pwani karibu na Dar es Salaam ili watembezwe hadi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kujaribu kama tembo wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Wengi wao walikufa kabla ya kufanya kazi waliyoletewa. Wazee wa huku, ambao babu zao walibeba pembe na bidhaa kwenye njia za msafara kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, wangeweza kuwaambia jinsi safari ile inavyokula mwili. Nakikumbuka kisa hiki kila ninapomwona mchezaji anatoa tembo wasio na utafiti hata mmoja na kuwatembeza nusu ya ramani. Mnyama wa gharama anaweza kuishia njiani.

Anza zizini: utafiti wa damu bora unaongeza uhai 20, na ule wa ufugaji unaongeza mwendo asilimia 10. Kisha nenda kwa mhunzi, ukaanze na deraya za farasi, maana zinamhusu tembo pia, na mishale ndiyo itakayomgusa kwanza. Makali ya silaha yafuate.

Ukifika Zama za Himaya, ambazo ni chakula 1000 na dhahabu 800, rudi ngomeni ukafanye utafiti wa Mahouts kabla ya kitu kingine chochote. Ni chakula 300 na dhahabu 300, na tembo wote wanaongezeka mwendo kwa asilimia 30. Piga hesabu: 0.6 inakuwa 0.78, na ukiwa na ufugaji anapita 0.85. Sasa anatembea sambamba na mtu wa miguu. Bado si mkimbiaji, ila anafika.

Kupandisha daraja la tembo ni chakula 1600 na dhahabu 1200. Hapo ndipo naona vijana wanakwama: wanasimamisha ngome mbili wakisubiri kiasi hicho kitimie, na adui anakuja kuwakuta na tembo watano. Endelea kuzalisha. Ukifikisha tembo 12 au 15 na ghala linajaa kuliko ngome zinavyokula, ndipo upandishe.

Tembo hatembei peke yake

Mwaka 202 KK, mahali paitwapo Zama, Afrika Kaskazini, Hannibal, jemadari wa Karthago, alipanga tembo 80 mbele ya jeshi lake. Scipio, jemadari wa Warumi, aliacha vichochoro katikati ya vikosi vyake. Baragumu zilipopulizwa, tembo kadhaa wakashtuka na kurudi kuvuruga farasi wa Hannibal mwenyewe, na wengine wakapita kwenye vile vichochoro huku wakichomwa mikuki kutoka pembeni. Tembo 80, na siku ile haikumsaidia. Tatizo la kumtanguliza tembo peke yake lina zaidi ya miaka 2000.

Kwenye gemu, mikuki ndiyo vichochoro vya Scipio. Askari wa mkuki wa ngazi ya mwisho anagharimu chakula 35 na mbao 25, bila dhahabu hata chembe. Kwa gharama ya tembo mmoja adui anapata wanne na chenji inabaki. Mapigo yake dhidi ya tembo yana nyongeza kubwa mara mbili, kwanza kwa kuwa tembo anahesabiwa kama mpanda mnyama, pili kwa kuwa ni tembo. Mapigo kama dazeni moja yanamlaza hata aliyepandishwa daraja. Wakiwa wachache na wamebanana, tembo wanawakanyaga. Wakiwa 30 na wametandazwa, unalia.

Lakini askari huyo hana deraya ya mishale kabisa. Kwa hiyo nyuma ya tembo weka warusha mikuki, wale wa chakula 25 na mbao 35. Nao hawali dhahabu, hivyo dhahabu yako yote inabaki kwa tembo. Idadi ninayoipenda ni warushaji 20 kwa tembo 15. Tembo wanasimama, mikuki inakuja juu yao, warushaji wanaipunguza ikiwa bado njiani na inapokuwa imeshika tembo. Ukiwa na dhahabu ya ziada, ongeza wapiga bunduki 10. Risasi zao zina nyongeza dhidi ya askari wa miguu, na mkuki hauhimili. Usitumie mitambo ya kurusha mawe karibu na tembo wako. Jiwe haliulizi rangi.

Watawa wanataka dawa nyingine. Mtawa ni dhahabu 100, na akikugeuzia tembo mmoja umepoteza rasilimali 275 na yeye amezipata. Dawa yao ni farasi wepesi, chakula 80 kila mmoja, bila dhahabu. Farasi hawa ni wagumu kugeuzwa na wana nyongeza dhidi ya watawa. Weka 6 hadi 8, na kazi yao iwe hiyo tu. Usiwatume kuchoma mashamba, usiwachanganye na kikosi cha tembo. Mara unaposikia wimbo wa mtawa, watume. Sauti inakuja kabla ya hasara, basi sikiliza gemu. Spika za masikioni si anasa kwenye mchezo huu.

Na ikiwa tembo tayari anaimbiwa na farasi wako mbali? Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anaeleza kwamba kwenye vita vya Metaurus, mwaka 207 KK, waendesha tembo wa Hasdrubal, ndugu yake Hannibal, walibeba patasi na nyundo. Tembo akichachamaa na kugeukia watu wake, mwendeshaji aligongelea patasi kwenye kiungo cha shingo na kichwa, na mnyama akaanguka pale pale. Kwenye kibodi yako patasi hiyo ni kitufe cha kufuta. Mchague tembo anayeimbiwa, hasa akiwa tayari amejeruhiwa, umfute. Inauma kufanya, najua. Inauma zaidi kumwona anawapiga ndugu zake.

Wewe pia chukua watawa wawili wako. Tembo mwenye uhai 600 aliyebaki na 90 ni tembo mzima baada ya muda kidogo wa kutibiwa, na matibabu hayana bei.

Shambulio, hatua kwa hatua

Kwanza, gawa vikosi kwa namba. Shikilia Ctrl na 1 kwa tembo, 2 kwa warushaji, 3 kwa farasi wepesi, 4 kwa mitambo. Usiwachague wote kwa pamoja na kubofya mbali, maana jeshi lililojipanga pamoja linatembea kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na farasi wako watabaki wanatambaa kwa mwendo wa tembo.

Pili, punguza safari. Ngome ya pili isijengwe nyumbani. Peleka wanakijiji 8 pamoja na tembo wa kwanza watano au sita, ukaijenge karibu na mji wa adui, nje ya mishale ya ngome yake. Tembo wapya watatoka mlangoni kwake. Utafiti mmoja au mwendo wowote wa nyongeza haufikii faida ya ngome iliyosogea.

Tatu, badilisha msimamo wa tembo. Wakiachwa kwenye msimamo wa ukali watamfuata kila anayepita, na mpinzani mwenye akili atapitisha farasi mmoja mbele yao kuwavuta hadi chini ya ngome. Waweke kwenye msimamo wa kusimama mahali, kisha wape shabaha kwa mkono wako mwenyewe.

Nne ni shabaha. Usianze na mashamba, usianze na wanakijiji. Vunja ukuta, ukishaingia tafuta kambi ya askari wa miguu iliyo karibu. Ndiko mikuki inakozaliwa. Kila kambi inayoanguka inapunguza mikuki itakayokukuta dakika mbili baadaye. Baada ya kambi, monasteri. Kisha jumba la mji. Majengo hayajui kukimbia, na ukishayavunja, wanakijiji waliokimbia hawana pa kurudi.

Ngome ya adui ni suala jingine. Tembo wanaweza kuivunja, ila watakula mishale mingi. Hapo natumia trebusheti, mitambo mikubwa ya kurusha mawe kwa mbali, nikiilinda kwa tembo, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndiyo matumizi ya tembo ninayoyapenda kuliko yote.

Mwaka 301 KK, huko Ipsus katika Uturuki ya leo, Demetrius alikimbiza farasi wa adui mbali kabisa na uwanja, akashinda upande wake. Alipotaka kurudi kumsaidia baba yake, Antigonus, akakuta Seleucus, adui yao, amesogeza tembo katikati. Farasi hawakuweza kupita. Antigonus akauawa huku mwanawe yuko ng'ambo ya ule ukuta wa tembo. Hawakumfuata mtu. Walisimama.

Fanya hivyo hivyo. Weka trebusheti mbili au tatu. Zinapiga umbali wa vigae 16, mbali kuliko ngome yoyote. Mbele yake, nje ya mishale, tandaza tembo kwa mstari mmoja, nafasi kidogo kati yao. Warushaji wakae katikati ya tembo na mitambo. Farasi wepesi ubavuni, nyuma ya msitu kama upo. Halafu subiri. Ngome ya adui inapigwa, na hawezi kuvumilia aione inaanguka. Atatoka. Akitoka, anawakuta tembo wamesimama, wana uhai kamili, warushaji wako nyuma yao, na yeye ndiye aliyetembea.

Nilimfanyia hivyo yule kijana wa kidato cha pili kwenye Black Forest, wiki tatu baadaye. Trebusheti mbili, tembo 14. Alituma mikuki yote aliyokuwa nayo kupitia kichochoro kimoja, ikaja imebanana kwa sababu njia yenyewe ni nyembamba. Mstari wa mbele ulipogusa tembo, walionyuma wakasongamana migongoni mwa wenzao, na kila pigo la tembo likawa linaumiza watatu au wanne. Warushaji hawakunyamaza. Watawa wawili walijitokeza upande wa kushoto; nikasikia sauti, nikabofya 3, farasi wakawafikia kabla wimbo haujaisha. Nilipoteza tembo watano. Ngome yake ilianguka, na kambi mbili zikafuata.

Tano, jua kurudi. Tembo akibaki na robo ya uhai mtoe mapema, mpeleke kwa watawa wako. Kwa mwendo wake ukichelewa hafiki. Wale watano niliowapoteza, wawili walikufa kwa sababu niliendelea kutazama ngome inavyobomoka.

Gemu za namna hii ni ndefu, na umeme wetu unaujua. Kabla ya kila shambulio kubwa hifadhi mchezo, mkubaliane mnaocheza. Kupoteza saa moja na nusu ya mashamba kwa kukatika kwa taa ni uchungu ambao hauna sababu.

Ukiwa upande wa pili

Mpinzani wako akiwa Mwajemi na umeona anachimba mawe mengi, jua kinachokuja. Usingoje umwone tembo ndipo ujenge monasteri. Kata chakula chake: farasi wanne wepesi kwenye mashamba yake kila mara wanachelewesha tembo wengi kuliko ukuta wowote, kwa kuwa kila mkulima anayejificha ni chakula kisichofika ghalani. Tafiti mikuki hadi ngazi ya mwisho, watandaze, wasije wamebanana.

Na tembo wake wakifika, toa wanakijiji shambani taratibu, uwapeleke upande ambao watawa wako wako ng'ambo ya ukuta.